Nimepanda Burj Khalifa mara mbili, na mara ya kwanza nilijuta

Mwaka wa saba huu nakwenda Dubai kufuata mzigo, na kwa miaka sita Burj Khalifa niliiona kwenye dirisha la metro tu. Ukishalala Deira, ukaamkia maduka ya Naif, na mchana uko Dragon Mart na kalkuleta mkononi, hela ya kupandia ghorofa unaiona ni mabegi ya shule unayoyaacha dukani. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.67 na ushee, basi shilingi yetu ikiyumba hata kutalii kunauma.

Mara ya kwanza nilipanda Agosti, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Nilitaka machweo, kama kila mtu anavyotaka, na saa za machweo ndizo tiketi zinapopanda bei. Tena sikununua mtandaoni. Nilimwamini dalali mmoja pale Deira aliyeniapia kwamba zimeisha zote, kabaki yeye tu na mbili. Akanikata cha juu, nikalipa huku nacheka. Agosti ile hewa ya Dubai ilikuwa nzito, vumbi la jangwani limechanganyika na mvuke wa bahari, mji wote kama umefunikwa chandarua. Nikasimama kwenye kioo na mamia ya wenzangu, simu juu. Jua likazama ndani ya vumbi hata kabla ya kuifikia bahari. Bahari yenyewe nilionyeshwa kwa kidole kwamba iko kule.

Nisingerudi, ila Januari shangazi yangu wa Unguja alikuwa anatoka Maskati kwa mwanawe, akapitia Dubai siku tatu. Akaniambia, "Mwanangu, lile jengo refu usinipitishe kwa chini tu nikalisimulie kwa kubuni." Safari hii nikakata tiketi mtandaoni mapema, ya saa tatu asubuhi, ghorofa ya 124 na 125. (Kwenye tiketi itaandikwa 9:00. Msije mkafika saa tisa alasiri kwa mazoea ya nyumbani.)

Kutoka Deira panda metro ya mstari mwekundu, shuka kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Kuna behewa au sehemu ya wanawake na watoto. Wanaume muitazame alama sakafuni, faini ipo. Halafu jiandaeni kutembea. Kutoka kituoni hadi madukani ni njia ndefu ya vioo yenye kiyoyozi, na ukishafika Dubai Mall bado hujafika, maana mlango wa kupandia mnara uko ghorofa ya chini kabisa ya maduka hayo. Mwenye mzee wa magoti atoke mapema. Shangazi alipumzika mara mbili, mara ya pili kwa kisingizio cha kutazama viatu.

Lifti ndiyo inayosimuliwa, na inastahili. Inakwenda mita 10 kwa sekunde, dakika moja hivi uko ghorofa ya 124, mita 452 kutoka chini. Taa zinapunguzwa, picha zinacheza ukutani, masikio yanaziba, unameza mate yanazibuka, yanaziba tena. Miguu haisikii kitu. Shangazi alinikamata kifundo cha mkono akaanza Ayatul Kursi, na alipofika mwisho milango ikafunguka. Akageuka kunitazama: "Ndiyo kwisha?"

Pale 124 kuna sehemu ya ndani na kibaraza cha nje kilichozungushiwa vioo virefu kuliko mtu, na baina ya kioo na kioo kuna upenyo mwembamba wa kupitisha simu. Pigieni picha hapo, kwenye kioo mtapata nyuso zenu wenyewe. Upepo wa Januari kule juu ni baridi kweli, mtandio wa pamba hautoshi.

Sasa, jambo ambalo sikulisoma popote kabla ya kwenda ni kivuli. Asubuhi jua liko nyuma ya mnara, upande wa jangwa, kwa hiyo kivuli chake kinaanguka upande wa bahari. Kilikuwa kimeikata barabara ya Sheikh Zayed na njia zake zote, kikalala juu ya mapaa ya nyumba mpaka karibu na ufukwe, ncha yake nyembamba kama sindano. Na kinatembea. Tulichagua paa moja jeupe karibu na ncha, tukangoja. Dakika chache tu paa likatoka juani likaingia kivulini, kisha likatoka tena. Shangazi akasema yule mama wa nyumba ile, kama ameanika nguo, sasa hivi anajiuliza nani kamzibia jua. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko upande mwingine wowote.

Upande wa Creek, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, nilimwonyesha maji yanapopinda, pale majahazi ya mbao yanapopakia majokofu na matairi. Kando yake ndiko Al Fahidi, mtaa wa zamani. Nyumba za kale za pwani hiyo ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizotoka kwetu, Lamu na Rufiji, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Shangazi analijua hilo kuliko mimi. Nyumba aliyozaliwa Mji Mkongwe ina vyumba vyembamba vya namna hiyo hiyo. Akatazama huku, akatazama na ule mwiba wa chuma juu yetu, jengo zima mita 828, akaguna tu.

Kisha akauliza swali ambalo nilidhani ni la mzaha: waliokaa huku juu, Ramadhani wanafuturu saa ngapi? Kumbe jibu lipo. Mwaka 2011 mufti wa Dubai alitoa maelekezo kwamba walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi, na walio juu ya 150 dakika 3, kwa sababu jua linalokuwa limeshazama kwa watu wa chini, wao bado wanaliona. Shangazi akaridhika. "Basi na daku waanze kufunga mapema, wasitufanyie ujanja."

Ghorofa ya 148, mita 555, sikwenda. Bei yake ni mara mbili na kupanda, na kwa macho yangu mita mia za nyongeza zinafanya magari yawe madogo zaidi, basi. Mwenye sherehe yake au anayetaka kukaa kwenye viti kwa utulivu, aende. Mimi hela hiyo naona bora uichague saa: asubuhi, miezi ya baridi, siku ambayo ukiwa chini unaiona ncha ya mnara wazi. Ncha ikiwa na ukungu, na wewe huko juu utaona ukungu. Anayetaka taa za mji apande usiku, si machweo. Machweo utalipia zaidi ugombee kioo.

Kutoka kunapitia dukani, mkiwa na watoto mjipange kisaikolojia.

Tulirudi Deira tukanywa karak. Shangazi alikuwa amepiga picha kama sitini, na katika zote aliwatumia wa nyumbani moja tu, ile ya kivuli. Hatujamaliza chai, simu ikalia. Kaka yake anauliza: mnara mzuri, lakini msikiti wenyewe uko wapi?