Linux Mint: mfumo unaobisha hodi kabla ya kula bando

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome aende zake: kama una laptopu kuukuu ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi, na intaneti ya nyumbani kwako ni bando la simu, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na printa, nitaieleza huko chini.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, karatasi za mitihani ya madrasa, risiti za mafundi wa milango. Nafanyia nyumbani, hapa Mkomani, Lamu, na kompyuta nzima za humu ndani ni tatu: ThinkPad T430 yangu, Dell OptiPlex ya mezani anayoitumia Ami, ndugu yake marehemu babangu, na kijilaptopu chenye prosesa ndogo ya Atom alichorithi mwanangu wa gredi ya tisa. Zote ni zile mashine tunazoziita ex-UK, zilizoshatumika Ulaya zikaja kumalizia umri wao kwetu. Mbili za kwanza zilikuwa na Windows 10, na hicho kidogo kilikuwa bado na Windows 7.

Microsoft walisimamisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu binafsi anayejiandikisha waliweka mwaka wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kisha basi. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. T430 ilitoka 2012, kizazi cha 3. Core 2 Duo, prosesa ya ile Dell ya Ami, hata usiulize. Fundi alinipa shauri ninunue laptopu mpya. Shauri zuri, ila hakusema pesa zitoke wapi.

Linux zenyewe ni nyingi hata mtu hukata tamaa kabla hajaanza. Wote wanatumia kiini kimoja, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, kisha kila kundi linakivika nguo zake. Mimi niliwapambanisha wanne tu: Ubuntu, Zorin, Mint na antiX. Niliwapakua kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela yenye intaneti ya setilaiti, kwa sababu Ubuntu 24.04 peke yake inakaribia GB 6, na Mint Xfce inakaribia GB 3. Kwa bando la simu, hiyo ni pesa ya samaki wa wiki.

Nikaweka Ventoy kwenye flashi ya GB 32. Uzuri wa Ventoy ni kwamba ukishaiweka, unanakili faili za ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, kama unavyonakili picha, ukiwasha kompyuta inakuuliza leo unataka ipi. Nikajaribu wote wanne bila kugusa diski hata mmoja. Huku ndiko kuchagua kwa maana yake: unafungua, unasikiliza sauti, unatazama kamera, unashika Wi-Fi, unachomeka printa. Ukiona kitu hakifanyi kazi hapo, huwezi kutarajia miujiza baada ya kukisakinisha.

Kabla ya hapo kuna hatua ambayo watu huiruka, nami nasema isirukwe. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, na waliopakua toleo la 17.3 Cinnamon siku hiyo kupitia kiungo kilichobadilishwa walipewa ISO yenye mlango wa nyuma wa kumwingiza mdukuzi. Waundaji wenyewe walilitangaza, na hilo kwangu ni sifa. Lakini ndiyo sababu ya kulinganisha ile namba ndefu ya SHA256, alama ya kidole ya faili, na iliyoandikwa kwenye ukurasa wao. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi moja ikipishana, futa upakue tena.

Zorin ni nzuri kuitazama, tena toleo lao la 18 walilitoa siku ile ile Windows 10 ilipozikwa, wajanja hao. Ubuntu ina jina, ina watu, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini. Kilichonitoa kwa Ubuntu ni kitu kimoja: programu zake nyingi, Firefox ikiwemo, huja kwa mtindo unaoitwa snap, na snap kwa kawaida hukagua masasisho mara nne kwa siku na kujipakulia yenyewe. Mwenye faiba nyumbani hata hajui. Mimi nimewasha hotspoti ili nitume kadi moja ya harusi kwa barua pepe, sitaki mtu mwingine ajisevie humo. Ipo amri ya kuizuia, lakini kwa nini nianze ndoa kwa kuzuia?

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, ila tangu toleo la 20, mwaka 2020, wameifungia snap nje. Masasisho yanakaa kwenye orodha, yana ukubwa wake pembeni, na hayashuki mpaka niyabonyeze. Naweza kuchukua ya usalama ya MB chache leo, nikaliacha furushi la LibreOffice hadi nifike Shela tena. Kwa mtu anayeishi kwa bando, hakuna sifa nyingine ya mfumo endeshi inayoikaribia hii, si rangi wala kasi.

Tahadhari moja hapo hapo. Kwenye duka la programu la Mint, programu nyingi zimewekwa mara mbili: kifurushi cha kawaida cha mfumo, na Flatpak. Flatpak ya kwanza utakayoweka huja na mizigo yake ya mamia ya MB. Kama kifurushi cha kawaida kipo, chukua hicho.

Kusakinisha kwenyewe sina mengi ya kusimulia. F12 kwenye ThinkPad na Dell, F9 kwenye HP nyingi, unachagua flashi, unabonyeza Install, unajibu maswali, unakunywa kahawa. Nakala za kazi zangu zote nilikwisha ziweka kwenye diski ya nje, na hilo halina mjadala. Sikuibakisha Windows kwenye mashine hizo. Wapo wanaopenda kuziweka zote mbili pamoja, nami siwapingi, ila wajue kwamba Linux husoma saa ya mashine kama UTC, saa ya kimataifa, na Windows huisoma kama saa ya hapa, kwa hiyo kila ukivuka kutoka huku kwenda kule saa inaruka masaa 3. Dawa ni kuandika amri hii upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Na wazime ile Fast Startup ya Windows, la sivyo diski inabaki imefungwa nusu.

Umeme je? Laptopu iwe na betri inayoshika. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, au basi uifanye asubuhi mapema. Kukatika kwa umeme wakati diski inagawanywa si jambo la kutaniana nalo.

Kilichobadilisha mashine kweli kweli, nisiwadanganye, si Mint peke yake. Niliagiza SSD mbili, diski zisizozunguka, za GB 240 kutoka Mombasa, zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Mint juu ya diski ya zamani inayozunguka ni nafuu kidogo tu kuliko Windows. Mint juu ya SSD, hata Core 2 Duo ya Ami inafungua LibreOffice kabla hajamaliza kuvaa miwani. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue SSD, mfumo ni bure.

Wi-Fi imenipa kazi, ingawa si kosa la Linux. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene za kizamani, ruta ikiwa dakani chumba cha ndani hakipati kitu. Hapo simu kwa waya wa USB ndiyo suluhisho: Mint inaitambua papo hapo, bila draiva, bila swali. Na kama laptopu yako ina kadi ya Broadcom isiyoonekana, usikimbilie kupakua. Draiva imo ndani ya ISO ya Mint yenyewe, anza na Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta draiva.

Sasa Ami. Yeye ni mwalimu wa madrasa aliyestaafu, na huandika kasida za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa mji huu walivyoandika tendi zao. Kwenye Windows alikuwa ananiletea karatasi nimpigie chapa, na mimi herufi hizo nazisoma polepole. Kibodi ya Kiarabu iliyozoeleka haina vitufe vya پ, چ na گ, na bila hizo utaandikaje pwani, chake, au gari? Kwenye Mint nilimwekea kibodi tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiajemi, anazibadilisha kwa Alt na Shift. Kiajemi kinazo zote tatu. Iliyobaki ni ڤ, ambayo anaichukua kwenye menyu ya herufi maalumu ya LibreOffice. Ctrl+Shift+D inageuza mstari uanze kulia.

Kisha fonti. Iko moja inaitwa Amiri, ya bure, aliyoiunda Khaled Hosny kwa kufuata mwandiko wa matbaa ya Bulaq, Cairo. Inapatikana kwenye maghala ya Mint kwa jina fonts-hosny-amiri. Ami alipouona mwandiko ule kwenye skrini alisogeza kiti. Ndio wa vitabu alivyosomea. Nikaanza kumweleza habari za Linux, akanikata: "Mwanangu, yangu ni kuandika tu. Hayo ya ndani mtajuana wenyewe." Kwa hiyo tathmini yake ndiyo hiyo, na kwangu ina uzito kuliko yangu.

Kwenye kazi yangu, LibreOffice inafungua faili za Word vizuri kuliko inavyosemwa. Fonti ya Calibri haimo, lakini Carlito ina vipimo vile vile, kwa hiyo mistari haihami. Karatasi za mtihani zenye majedwali ndani ya majedwali bado huchezacheza, nami huwaomba walimu wanitumie PDF pamoja na Word ili nione zilivyokuwa. Faili za zamani za Publisher zinafunguka kwa LibreOffice Draw, ila maua ya pembeni huenda yakatua katikati ya jina la bibi harusi. Kadi mpya zote sasa nazichora kwa Inkscape. Mwezi wa kwanza niliinunia, sasa sirudi. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inafunguka kwenye Firefox kama kawaida.

Mwenye kutaka menyu za Kiswahili asitarajie makubwa. Mint yenyewe kwangu imebaki Kiingereza. Inasikitisha, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha toa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyo hiyo.

Printa, basi. Ile ya wino wa tangi ilijitambulisha yenyewe, ikachapa na kuskani bila mimi kufanya lolote. Ile ya leza, ya zamani, jina silitaji, ndiyo inayochapa karatasi za mtihani kwa bei nafuu, na imekataa kata kata. Draiva ya kampuni ni ya miaka mingi nyuma na haikubaliani na mfumo wa leo. Kwa hiyo diski moja kuukuu iliyobaki na Windows 10 nimeiweka kwenye laptopu nyingine mbovu isiyo na skrini nzuri, haina intaneti, kazi yake kuichapia leza tu. Anayenunua printa sasa aulize kwanza kama inachapa bila draiva kupitia mtandao. Nyingi mpya zinaweza.

Kijilaptopu cha Atom ni cha biti 32 na kina RAM ya GB 2. Mint 22 haina toleo lake, na hata Linux kongwe ya Debian, toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, imeacha kutoa kisakinishi cha mashine hizo. Nikampa antiX. Inawaka, inaandika, inafungua PDF za shule. Kivinjari kikifunguliwa na kurasa tatu kinaanza kuhema. Nyota mbili na nusu, na nusu hiyo ni ya huruma. Mwanangu amekwisha hamia ThinkPad yangu kila nikienda sokoni.

Toleo la Mint nililoweka ni 22.2, linaloitwa Zara, la Septemba 2025, na mfululizo wote wa 22 una masasisho hadi 2029. Timeshift, programu inayoweka nakala za mfumo, niliipunguza ibaki na nakala mbili za wiki, maana kwenye GB 240 inajaza haraka usipoiangalia.

Aliye Lamu asipoteze bando kupakua. Leseni yake inaruhusu kugawana, kwa hiyo anayenijua na aje na flashi ya GB 8 au zaidi, nitamnakilia bure. Ila ije tupu, maana Ventoy inafuta kila kilichomo, na picha za harusi za watu sitaki zinifie mikononi.