Pete ya Fedha kwenye Kiko cha Mzeituni: Uzoefu Wangu

Kiko changu cha tumbaku kilichongwa kwa mkono kutokana na mzeituni mwitu. Nilikinunua kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, nikiwa nimevutiwa zaidi na pete iliyokizunguka shingoni kuliko kiko chenyewe. Muuzaji alisema pete ni fedha tupu. Baada ya miezi mitatu hivi, mahali ninapopashika kwa kidole gumba palikuwa pamelika weupe wake, na chini ikachomoza rangi ya manjano, dalili ya shaba iliyopakwa juu juu tu. Siku ya kununua sikuuliza swali lolote, kwa hiyo sehemu ya lawama naibeba mwenyewe.

Udanganyifu huo ungevumilika kama pete ingefanya kazi yake. Pete ya shingoni huwekwa ili kuukaza mti mahali palipo dhaifu zaidi, pale tundu la mrija lilipochimbwa na kuacha ukuta mwembamba. Watengenezaji visu wa pwani wanalo hata jina la pete ya namna hii ibanayo mpini: noleo. Yangu ilikuwa legevu, imegandishwa kwa gundi. Masika yalipofika, mti ulifura kwa unyevu na ulimi wa mrija, ile ncha nyembamba inayoingia shingoni, ukabanwa tunduni. Jioni moja niliuvuta mrija kiko kingali moto, nikasikia mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti inayovunjwa. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa punje mbili za mchele, lakini ulitosha kupitisha hewa.

Nilikipeleka kwa sonara mmoja mjini Kisumu, mzee ambaye kazi yake ya kila siku ni pete za harusi na vipuli. Alikigeuza chini ya kioo cha kukuzia kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kazi hii naiweza, ila mapambo yatangoja."

Alikata ukanda wa fedha ya 925, yaani fedha sehemu 925 katika kila 1,000, nyingine zikiwa shaba, kwa kuwa fedha safi ni laini mno na ingebonyea mfukoni. Aliukunja ukanda huo kwenye nondo ya chuma, akaunga ncha zake kwa moto mbali kabisa na kiko, kwa maana joto la kuungia fedha lingeuunguza mti. Baada ya kuuziba ufa kwa gundi, aliipunguza shingo kwa tupa kidogo kidogo, akijaribu pete na kuitoa tena, labda mara kumi, mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kukaa sawasawa na mti. Nilipopitisha ukucha kutoka kwenye mti hadi kwenye fedha, haukukwama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile pete ya kwanza ilikuwa imevishwa tu.

Suala la mrija nililitatua kwa urithi. Marehemu baba aliniachia kiko cha Peterson, watengenezaji viko wa Dublin, ambacho bakuli lake liliungua likatoboka miaka mingi iliyopita. Pete yake ina alama za ukaguzi wa fedha za Ireland, mwanamke aliyeketi na kinubi chenye taji, lakini ilikuwa nyembamba kwa shingo ya kiko changu. Mrija wake ndio ulionifaa. Hauna ulimi mwembamba kama mirija mingi. Mwisho wake wote umechongoka taratibu na huingizwa kwenye mdomo wa fedha kama kizibo. Sonara aliifunika pete yangu kwa kifuniko cha fedha chenye tundu lililolingana na mchongoko huo. Faida yake ni kwamba mrija unabanwa na fedha, si na mti, hivyo naweza kuuchomoa na kuusafisha hata kiko kikiwa na joto.

Kasoro zipo. Mrija huo ni wa ebonaiti, yaani raba iliyopikwa kwa salfa hadi ikawa ngumu, na salfa ni adui wa fedha. Ukingo unaogusana na mrija huwa mweusi kabla ya mahali pengine pote. Mbinu ya maji moto, magadi na karatasi ya alumini, inayong'arisha vijiko vizuri, haifai hapa kwa kuwa kiko hakichovywi majini, na dawa ya meno inakwaruza. Natumia kitambaa laini cha pamba tu, kila Jumamosi. Baadaye nilirudi kuongezewa nakshi ya majani, nami najuta kidogo: weusi hujificha ndani ya mistari, na ule ubapa mtupu wa mwanzo ulikuwa wa heshima zaidi.

Kwa anayetaka kununua, sumaku haitamsaidia. Haivuti fedha, lakini haivuti shaba wala ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na chembe ya fedha. Aombe kuona muhuri wa 925, na hata akiuona, ampe sonara aikwaruze pete kwenye jiwe na kuitilia asidi.

Nililipa shilingi 5,500 kwa pete na kifuniko, na 1,200 kwa nakshi, zaidi ya bei ya kiko chenyewe. Ni miezi kumi na minne sasa, masika yakiwemo. Ufa haujarudi. Mrija umezama kwenye mdomo wake kwa kiasi cha unene wa ukucha tangu siku ya kwanza, na mchongoko uliobaki nje ni mrefu kuliko uliokwisha kuingia.