Chati ya maumbo ya Sh 5,000: majina ni sahihi, fasili ndizo pungufu

Chati hii ya jometri inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule kuzunguka Soko la Majengo, Dodoma. Ni karatasi ya ukubwa wa A1, ina ukingo wa bluu, na haina jina la mchapaji wala mwaka. Ya karatasi tupu ni Sh 5,000, iliyofunikwa plastiki ni Sh 8,000. Tumeikagua fasili kwa fasili, tukiwa na rula, kipimapembe na bikari.

Majina hayana tatizo. Nukta, mstari, pembe kali, pembe mraba, pembe butu, pembetatu, mstatili, msambamba, trapeza, duara, kipenyo, nusukipenyo, mzingo: yote ni yale mtoto wa shule ya msingi anayakuta darasani. Herufi ni nene, aliye dawati la nyuma anazisoma bila kukodoa macho.

Shida iko chini ya majina. Fasili ya jometri hupimwa kwa swali moja: je, kuna umbo jingine linaloweza kupenya humo? Kwenye chati hii yanapenya mengi.

Mraba umeelezwa kuwa ni "umbo lenye pande nne sawa". Chukua vijiti vinne vya urefu mmoja, vifunge kwa uzi kwenye kona, kisha sukuma kona moja kidogo. Pande bado ni sawa, lakini mraba haupo tena, una rombasi mkononi. Kilichoachwa ni maneno machache tu: "na pembe zote nne ni nyuzi 90". Mstatili umeharibiwa zaidi, eti una "pande mbili ndefu na mbili fupi". Msambamba ulioinama unapita hapo. Hata tiara ya watoto inapita, maana nayo ina pande mbili ndefu na mbili fupi, ila zilizolingana zimekaa jirani badala ya kukabiliana. Halafu maneno hayohayo yanaufukuza mraba, wakati mraba ni mstatili halali. Ingetosha kuandika "umbo la pande nne lenye pembe zote nyuzi 90". Habari ya pande haina haja ya kutajwa kabisa: pembe zikishakuwa nyuzi 90 zote, pande zinazokabiliana zinalingana zenyewe. Mwanafunzi aliyekariri fasili ya chati atakataa kuuita mraba mstatili, na hapo swali la kuainisha maumbo limempotea.

Pembe butu imeandikwa "pembe inayozidi nyuzi 90". Inazidi hadi wapi? Pembe ya nyuzi 210 nayo inazidi 90, na si butu. Kikomo cha juu ni 180. Kwenye mstari, mchoro una vituo viwili vilivyoonyeshwa wazi, A na B, na chini yake pameandikwa "mstari". Hicho ni kipande cha mstari. Mstari wenyewe hauna mwisho upande wowote, ndiyo maana huchorwa na vishale pande zote mbili. Kosa dogo kwa macho, ila ndilo linalomfanya mtoto aseme mistari miwili ni sambamba kwa kuwa tu haikukutana ndani ya daftari.

Duara limepewa "umbo la mviringo". Yai nalo ni la mviringo. Fasili kamili imo ndani ya bikari yenyewe: ncha ya chuma ndiyo kitovu, uwazi wa miguu ndio nusukipenyo, na penseli inapita kwenye kila nukta iliyo umbali huohuo kutoka kitovu. Kwa bahati, kanuni ya mzingo iko sawa, isipokuwa chati inasema pai "ni" 22/7. Ni kadirio. 22/7 huanza 3.1428, pai yenyewe huanza 3.1415. Kwa duara la kipenyo cha sm 14 utapata sm 44 na hakuna atakayekulaumu, lakini neno "takriban" lingegharimu nini?

Tulipoweka rula, likazuka jingine. Mraba uliochorwa una upana wa sm 8 na kimo cha sm 8.6. Duara lina sm 10 kwenda kulia na sm 10.75 kwenda juu. Aliyepanga kurasa aliivuta picha ijaze karatasi, akasahau kufunga uwiano. Matokeo yake pembetatu sawa, ambayo kila pembe ingekuwa nyuzi 60, inapimika takriban 62, 62 na 56. Jumla bado ni 180, kwa hiyo mwalimu akijumlisha tu hatagundua. Mistari sambamba imebaki sambamba, na pembe mraba zilizokaa wima na mlalo zimesalimika. Zilizochorwa kwa kuinama zimepinda. Darasa likiambiwa lipime pembe kwenye chati hii, wanaopima vizuri ndio watakaokosa.

Maumbo ya ujazo yamepewa kona ndogo. Mchemraba una nyuso 6 na vipeo 8, sawa, lakini kingo zimeandikwa 8, ni 12. Mche mstatili umepigiwa mfano wa jengo la ghorofa la vioo. Hapa Ugogoni tembe lenye paa bapa lingeeleweka haraka zaidi, na ngoma ingefaa kwa mche duara.

Karatasi tupu haifai kwa madarasa yanayopigwa na upepo wa kiangazi. Vumbi jekundu linaingia kwenye nyuzinyuzi, ukifuta kwa kitambaa chenye maji wino unachafuka. Ya plastiki inafutika, ila inang'aa: iweke ukuta usiokabili dirisha.

Kwa Darasa la Tatu na la Nne, kufundishia majina tu, tunaipitisha. Kwa Darasa la Sita na la Saba hapana, mpaka fasili tano zirekebishwe: mraba, mstatili, pembe butu, mstari, duara, pamoja na ile namba ya kingo. Andika kwenye vipande vya karatasi nyeupe, bandika kwa selotepu. Kalamu ya maka juu ya plastiki hufutika baada ya wiki chache za kupanguswa. Michoro iliyovutwa haina dawa. Andika pembeni "usipime hapa".

Kabla ya kulipa mwombe muuzaji aikunjue. Nyoosha uzi kwenye kipenyo cha duara kwenda kulia, ushike pale ulipoishia, kisha ugeuze wima. Ukipungukiwa, nakala hiyo imevutwa, na zilizobaki kwenye fungu hilo huenda nazo ziko hivyohivyo.