Picha ya Baba ya Kampala 1979: nilivyohudumiwa studio ya Chikongola

Wenye picha za zamani zilizoliwa na unyevu wa pwani yetu, ipo studio ndogo Chikongola, hapa Mtwara mjini, inayozitengeneza upya. Nimewapelekea moja tu, ila ndiyo ile ambayo nyumba ikishika moto nitaikimbilia kwanza.

Ni picha ya Baba na wenzake wawili wamesimama kando ya barabara, bunduki begani. Nyuma kuna penseli: Kampala, 14/4/79. Siku tatu tu tangu mji uanguke mikononi mwa jeshi letu la Tanzania, kwenye Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Baba alikuwa na miaka 22. Kikosi chao kilitokea upande wa Entebbe, ambako uwanja wa ndege ulishatekwa tarehe 7. Wengine walitokea magharibi, wengine wakaziba kaskazini, na njia ya mashariki ya kwenda Jinja ikaachwa wazi ili Walibya waliokuja kumsaidia Amin wapate pa kutokea. Lakini Baba hasimulii sana risasi. Husimulia vumbi, na miguu: Kyaka, Masaka, Lukaya, miezi yote ile, mpaka soli zikaisha. Halafu watu wa Kampala wakatoka majumbani kuwashangilia.

Picha ilikuwa imegandia kwenye kioo cha fremu. Mahali pengine waliwahi kutaka kuibandua kwa kisu, nikaondoka nayo. Fundi huyu hakuigusa. Alifuta kioo kwa pamba, akaiskani humohumo ndani ya kioo, mara tatu, kila mara akizima taa ya juu ili isiakisi. Hapo nikamwamini.

Siku ya nne nikaitwa. Kwenye kompyuta picha ilikuwa inang'aa, na moyo ukanishuka. Anga limekuwa la buluu, buti zimekuwa safi kama za gwaride. Na yule wa katikati, ambaye kuvu ilikuwa imemla jicho la kushoto, kapewa jicho zima: fundi alichukua la kulia akaligeuza. Nilimwomba anichapishie hivyohivyo nikamwonyeshe Baba. Mzee aliishika muda mrefu, akaisogeza dirishani, akasema, "Huyu siye."

Nikarudi. Sikuwa na ugomvi, nilimweleza tu: kaka, hawa wametembea kutoka Kagera, ukiwafuta vumbi umewafuta wao. Hakubisha wala hakudai nyongeza. Ile skani ya kwanza alikuwa ameihifadhi, akaanza upya mbele yangu. Aliunga mpasuko uliokata kifua cha Baba, akaondoa madoa ya manjano, akarudisha weusi wa bunduki. Vumbi akaliacha. Jicho akaliacha lilivyoliwa. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi kwa fundi mwenye mkono mzuri, kujua pa kuishia.

Sasa iko ukutani Mikindani, na Baba kavuta kiti chake kimeielekea.

Nililipa 15,000 kwa saizi ya A4, fremu mbali. Karatasi yao ni nzito, wino haujachujuka tangu masika. Kiti cha kusubiria ni kimoja, na Ijumaa mchana wanafunga kwa sala. Ukienda, mwambie fundi kabla hajaanza: nyuso asiziguse mpaka anayewajua awe amekaa pembeni yake.