Bima kubwa ya Toyota IST yangu: kampuni moja, gari moja, thamani mbili

Ujumbe uliingia Machi 2025 nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Ndugu mteja, bima yako inakaribia kuisha, ada ni shilingi 578,200. Nikacheka peke yangu garini. Ni kiasi kile kile nilicholipa 2021, 2022, 2023 na 2024, bila kupungua hata mia. Gari limezeeka, limegongwa, limenyooshwa na kupigwa rangi, namba E za magari yaliyosajiliwa karibuni zimejaa barabarani na namba D yangu sasa inaitwa ya zamani, lakini ada haina habari.

Nianze na hesabu, maana wengi wetu tunalipa tu namba ya malipo ikishatumwa. Bima kubwa ya gari binafsi, yaani ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, hapa Tanzania inatozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kiwango cha chini kilichowekwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ni asilimia 3.5. Juu yake nilikuwa naongeza VAT ya asilimia 18. IST yangu niliinunua kwa milioni 14. Asilimia 3.5 ya hapo ni 490,000, VAT yake 88,200, jumla 578,200. Mwaka ule wa kwanza sikuwa na neno. Bei ilikuwa bei, na risiti ya yadi ninayo mpaka leo.

Sasa Oktoba 2024, pale sokoni Mabibo, kenta ya ndizi ilirudi nyuma bila kuangalia, ikanikunja boneti, bampa na taa ya kulia, kisha dereva akatokomea. Nikaenda polisi, nikapata karatasi zangu, nikapeleka madai. Kampuni ikamtuma mtathmini, kijana mpole, akazunguka gari akipiga picha kwa simu hadi chini ya tairi. Hapa niwe mkweli: kwenye matengenezo hawakunisumbua. Gereji ilidai 1,380,000, mimi nikabeba 250,000 ambayo mkataba wangu unasema ni mzigo wa mteja, iliyobaki wakalipa wao. Wiki tatu gari likarudi, na rangi imekubali.

Kilichonitoa usingizini ni nakala ya ripoti ya mtathmini. Niliiomba niiweke tu kwenye faili. Ukurasa wa pili, chini ya picha ya boneti langu lililojikunja kama chapati, kulikuwa na mstari mmoja: thamani ya gari kabla ya ajali, shilingi 9,200,000.

Nikausoma mara tatu. Machi ya mwaka ule ule kampuni hiyo hiyo ilinitoza kwa gari la milioni 14.

Na hapa ndipo penye kiini chote. Gari likiibiwa au likiteketea, hawakulipi ile thamani uliyokatia bima. Wanalipa thamani ya soko ya siku ya tukio, isiyozidi ile iliyoandikwa. Maana yake ningepewa 9,200,000 kasoro ule mzigo wangu. Zile milioni 4.8 za juu nilikuwa nazilipia ada, lakini hata gari lingeungua lote nisingeziona. Kwa mwaka huo mmoja ni 198,240, VAT ikiwemo. Sikatai kwamba 2022 tofauti ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwepo, na hakuna aliyeniambia.

Nikampigia wakala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, hii milioni 14 imetoka wapi?"

"Mama, thamani anataja mteja mwenyewe. Sisi tunaandika alichosema."

"Sawa. Na ya mwaka huu nimeitaja lini?"

Akanyamaza kidogo. "Mfumo umevuta ya mwaka jana, mama."

Sina ugomvi na kijana, ila kamisheni yake inatoka kwenye hiyo hiyo ada, na mfumo sijawahi kuusikia ukivuta kuelekea chini.

Nilitaka nishushe hadi milioni 6 nimalizane nao. Akanizuia, na kwa hilo namshukuru. Ukikatia pungufu ya thamani halisi wanakukata na wewe kwenye madai kwa uwiano ule ule. Gari la milioni 9 umeliandikisha 6, umepata hasara ya milioni 1.5, unahesabiwa theluthi mbili, yaani milioni 1, na ule mzigo wako bado haujatolewa. Ukizidisha wanapokea na kunyamaza, ukipunguza wanakumbuka hesabu. Kwa hiyo ulizia bei za magari ya umri wa lako, namba zinazofanana na yako, kisha peleka hiyo.

Jambo la pili linaloniudhi halina uhusiano na wakala. Naendesha tangu 2009, na madai yangu ni hayo ya kenta tu, tena nilikuwa nimeegesha. Jirani yangu, ambaye geti letu limeshapakwa rangi mara mbili kwa sababu yake, analipa asilimia 3.5 kama mimi. Nilipouliza punguzo la mteja asiye na madai, nikajibiwa kwamba niko kwenye kiwango cha chini tayari, chini ya hapo hawaruhusiwi kwenda. Yaani kiwango cha chini kimekuwa ndicho kiwango. Bei inalitazama gari. Anayeshika usukani hajulikani.

Fundi wangu alinicheka, akasema nirudi bima ndogo, wakati ule 118,000, taa iliyotumika nitaipata Ilala. Lakini bima ndogo ni ya yule niliyemgonga mimi, na aliyenigonga alikimbia. Nimebaki na kubwa.

Wakala aliomba picha nne za gari na ile ripoti ya kampuni yao wenyewe. Nikamtumia kwa WhatsApp. Ada mpya ikaja 379,960. Nilitazama saa: dakika sita tangu nitume picha ya mwisho.