Kombaini ya kukodi Ubaruku: kazi safi, ila foleni yake na kodi ya shamba zitatumaliza

Wadau mnaolima mpunga kwa kukodi huku Mbarali, maana najua kipindi cha kuvuna swali linakuwa hilohilo, kombaini (mashine ya kuvunia) ya nani nzuri. Mi nilichukua ya jamaa mmoja wa hapahapa, Kubota ile ya minyororo ya mpira, tukapatana 150,000 kwa ekari, mafuta juu yake.

Kazi yenyewe sina neno. Inakata, inapura na kupepeta humohumo, we unakaa na mifuko tu, asubuhi haijaisha shamba limeisha. Tena mpunga wangu ni mbegu ya SARO 5, mfupi, haulali hovyo, kwahiyo imeokota vizuri ukiacha pembe za majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta) ambazo lazima umalizie na mundu. Mpunga unatoka na unyevu lakini, andaa maturubai kabisa.

Zamani ungetafuta wa kukata, wa kupiga, wa kupepeta, na wote unawapikia. Sahivi unawatoa wapi? Vijana wako kwenye bodaboda, wengine wamekimbilia dhahabu Chunya, na siwalaumu, kima cha chini cha kilimo kilichotangazwa 2022 kilikuwa 140,000 kwa MWEZI, yaani hela ambayo huyu wa kombaini anaikunja kwangu kwenye ekari moja na inabaki.

Sasa nyota moja namkata kwenye foleni. Mwenye ekari 40 anaanza, sisi wa vieneo tunaambiwa "kesho bosi", kesho bosi, huku mpunga unakauka na punje zinapukutika chini. Ujanja niliouona ni kuungana na majirani mnaopakana, mashine ikiingia inapita kwa wote, hapo hata yeye anakuja mbio.

Halafu kuna hili la kodi ambalo sio kosa lake ila nalisema. Mzee mwenye shamba alikuja akasimama kwenye tuta anaangalia mashine inavyokula ekari zake, msimu uliofuata kapandisha 100,000 kwa kila ekari, nikamuuliza mzee wangu vipi tena, akanijibu "mwanangu si siku hizi unavuna bila vibarua". Ni kwamba watu wa mjini wanakuja na hela ya mkupuo wanakodi eneo zima, maana hawahitaji tena kuhangaika na watu, sasa mzee akitulinganisha na hao mimi wa ekari 2 nitasema nini. Na hiyo nafuu ya vibarua anayoisema ni ya kuvuna tu, kupandikiza bado ni mikono, akina mama wanaopandikiza wamebaki wachache na usipowawahi mapema miche inazeekea kitaluni.

Jumla nampa 4 kati ya 5. Ukimpigia sema ukubwa wa eneo kabisa, advansi toa kidogo, nyingine ukishaona mifuko.