Maji ya madirishani kwenye Mazda Roadster: uzoefu wangu na grisi ya Shin-Etsu na fundi aliyekaza kioo

Kama una gari la kufunguka paa na mvua ikinyesha unakalia maji, usikimbilie kuagiza raba mpya. Mimi natumia Mazda Roadster NB, kile kizazi cha pili kilichoanza 1998 na kuisha 2005, niliyoiagiza Japani na kuipokea hapa Dar es Salaam. Tangu mvua za vuli hadi masika yaliyopita nimekuwa nikipaka raba zake grisi ya silikoni ya Shin-Etsu, ile ya tyubu ya gramu 100 inayouzwa kwa jina la Honda. Naisifia kwa moyo wote. Ila ingepakwa kabla kioo hakijakaa sawa, ningekuwa nimepoteza hela.

Milango ya magari haya haina fremu ya kukizunguka kioo. Kioo kinapanda chenyewe na kwenda kuegemea raba zilizoko kwenye nguzo ya kioo cha mbele na kwenye vyuma vya paa la turubai. Na raba hizo si kipande kimoja. Zimeungwa vipande vipande, na kona ya juu kwa mbele, pale raba ya nguzo inapokutana na raba ya paa, ndipo maji yanapopenda kupita. Kioo kikilalia nje milimita chache tu, raba haibanwi, na maji yanashuka kwa ndani hadi kwenye paja la dereva. Ongeza jua letu linalokausha raba mwaka mzima, halafu subiri Aprili.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliangalia kidogo akasema, "Bosi, hapa tunapiga silikoni, kesho umeshasahau." Nilikataa, na nawasihi na ninyi mkatae. Silikoni ya kuzibia inafaa sinki na kioo kisichosogea. Hapa kioo kinapanda na kushuka, paa linakunjwa na kukunjuliwa, kwa hiyo ile silikoni inabanduka na kuondoka na ngozi ya raba. Baada ya hapo hata gundi nzuri haishiki vizuri tena mahali pale.

Wa pili ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo Ilala, na kazi yake ndiyo iliyonifanya niandike. Hakugusa spana kwanza. Aliomba poda ya watoto, akaipaka kwenye raba zote za upande wa dereva, akafunga mlango taratibu, akaufungua. Kwenye kioo ukabaki mstari mweupe, umenyooka vizuri kutoka nyuma, halafu ulipokaribia kona ya mbele ukafifia, ukakatika. "Unaona, mwanangu? Hapa kioo hakigusi kitu." Akarudia kwa kipande cha karatasi: ukikibana kati ya kioo na raba kisha ukakivuta, kinatakiwa kitoke kwa shida. Pale kwenye kona kilitoka kama kimewekwa hewani.

Alipofungua paneli ya mlango alimkemea kijana wake asiichane ile nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Maji ya mvua kuingia ndani ya mlango ni kawaida kwa gari lolote. Yanapita nje ya kioo na kutokea kwenye matundu yaliyo chini ya mlango. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wako. Mtu akitengeneza pawa windo na kuitupa nailoni, kapeti litalowa na lawama zote zitapewa raba. Wangapi wamenunua raba bure kwa sababu hiyo!

Kisha akalegeza bolti za namba 10, akakiinamisha kioo kwa ndani kidogo na kukipandisha kidogo, akakaza, akarudia poda. Alifanya hivyo mara kadhaa bila haraka. Anasema ukikibana mno, mlango unakuwa mgumu kufunga, mota inaumia, na raba inalika mapema. Mwisho akakaza ndoano za paa pale juu ya kioo cha mbele, kwa sababu zinazungushwa zikaongeza mkazo. Kazi nzima ilinigharimu shilingi 60,000, na mstari wa poda sasa unaenda hadi mwisho.

Jambo jingine alilolifanya bila kuombwa ni kuzibua njia za maji nyuma ya viti. Maji ya paa yanashukia kwenye tundu moja kila upande na kutokea chini ya gari. Naegesha chini ya mwarobaini, kwa hiyo mlikuwa na majani yaliyooza. Alitumia uzi laini wa mashine ya kukata nyasi. Waya mgumu unaweza kuchomoa au kutoboa bomba, na hapo maji yatamwagikia ndani kabisa.

Ndipo grisi ikaingia kazini. Osha raba kwa maji na sabuni, ziache zikauke kabisa kivulini, paka kidogo sana kwa kidole, iache inywewe, halafu futa inayobaki. Raba zangu zilirudi kuwa laini, na ule mlio wa kioo kukwaruza raba kwenye matuta umekwisha. Tyubu moja inadumu sana. Msiibadilishe na mafuta ya mgando ya kujipaka, maana mafuta yanayotokana na petroli yanavimbisha raba za aina hii na kuzilegeza.

Kasoro zipo. Ukizidisha inashika vumbi, inachafua ukingo wa kioo, na utando wake hautoki kwa maji matupu. Kuipata Dar ni kazi. Yangu ilikuja pamoja na spea nilizoagiza Japani. Na raba iliyopasuka au kulala bapa haifufuki kwa grisi yoyote.

Naipa nyota 4 kati ya 5, na fundi nampa zote. Masika yote kiti kimebaki kikavu. Nikienda kuoshea gari kwa mashine ya presha, tone moja moja bado linapenya kona ya upande wa abiria, ambako raba ya nguzo ina ufa. Hiyo nimeshaiagiza, hiyo moja tu.